Albamu za metali zilizotoka bila lebo kubwa: zipi zimechanganya kweli na zipi zimepachika tu?

Mtoa mada, Iyunga

Wakuu, habari za majukumu. Ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Najua jukwaa hili ni la Bongo Fleva na kwaya, lakini najua pia mpo mnaosikiliza metali, ile roki nzito ya magitaa ya kukwaruza, usiku kwa hedifoni ili mwenye nyumba asiulize maswali. Uzi huu ni wenu.

Kila mara natumiwa kiungo cha bendi fulani, naambiwa hii ni metali iliyochanganywa na muziki wa asili. Nafungua. Mwanzo kuna ngoma na filimbi, safi kabisa. Gitaa likishaingia, ngoma inazimwa na haisikiki tena mpaka wimbo unaisha. Hapo mtu hajachanganya, amepachika. Ngoma imekaa kama kachumbari pembeni ya sahani, ukiiondoa pilau ni lile lile.

Kipimo changu ni kimoja. Kiondoe kile cha kienyeji kichwani mwako, halafu uusikilize wimbo upya. Ukisimama vizuri, kilikuwa pambo. Ukianguka, jamaa wamechanganya.

Wengi mtakimbilia Roots ya 1996 ya Sepultura, bendi ya Brazil. Ni albamu kubwa, ila ilitoka kwa Roadrunner, lebo (kampuni ya kutoa muziki) yenye fedha zake, kwa hiyo leo naiweka pembeni. Hata yenyewe ukiipima inapita nusu. Pale mpiga ngoma Carlinhos Brown alipoingia na mapigo yake ya Bahia, ukiyatoa wimbo unakufa. Pale walipokwenda kurekodi na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazil, kijijini kwao Mato Grosso, wimbo umeachwa usimame peke yake. Kwingine kwingi ni Sepultura wale wale, ngoma inasikika kwa mbali.

Waliofanya kwa fedha zao ndio wananivutia zaidi, kwa sababu lebo swali lake la kwanza ni "hii tuiweke rafu gani dukani?", na swali hilo linaua mchanganyiko kabla haujazaliwa. Chukua Zeal & Ardor. Manuel Gagneux, Mswisi mwenye asili ya Marekani, alikuwa na mchezo wa kuomba watu mtandaoni wamtajie mitindo miwili isiyohusiana, naye aiunganishe kwa nusu saa. Akatajiwa metali nyeusi (black metal) ya kule Norway na muziki wa watu weusi. Matokeo yake ni Devil Is Fine, aliyoipandisha mwenyewe Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza nyimbo zao, mwaka 2016. Albamu nzima haifiki nusu saa. Sauti inaita kama wafungwa wanaopasua mawe, kundi linaitikia, na gitaa linakuja kama mwitikiaji wa tatu. Toa ule wito uone kitakachobaki.

Nyingine ni Duma, jina la bendi na la albamu. Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa Nairobi, walirekodi Kampala, ikatoka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ndogo ya huko huko Kampala. Hao ni majirani zetu kabisa. Nitaizungumzia zaidi huko chini, nataka kwanza niwasikie.

Mzee wa Tazara

Kijana, umeruka mpaka Uswisi na Brazil wakati Tunduma iko hapo.

Sisi tuliokulia jirani na reli tunajua muziki ulikuwa unapanda treni kama mzigo mwingine. Tazara ilipofunguliwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kule Zambia kulikuwa tayari na vijana wanaopiga roki nzito kuliko kitu chochote ukanda huu. Leo wanaiita Zamrock. Bendi ya Witch walitoa albamu ya Introduction 1972 kwa njia zao, hakukuwa na kampuni ya Ulaya nyuma yao. Amanaz wakatoa Africa 1975. Paul Ngozi na Ngozi Family ndio walikuwa wazito kuliko wote, gitaa linavuma kama limefungiwa ndani ya pipa.

Sikilizeni walichofanya. Wameimba Kiingereza, Kibemba, Kinyanja, wakati mwingine ndani ya albamu moja. Mapigo ni ya kwao, pedali ya kukwaruzisha gitaa ni ya Uingereza. Hakuna aliyewaambia wanachanganya.

Kilichowaangusha hakikuwa kipaji. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni zikakauka, vyombo na spea vikawa havipatikani. Baadaye Ukimwi ukawamaliza wengi wao. Emmanuel Chanda, yule Jagari mwimbaji wa Witch, alibaki na akaenda kuchimba vito. Halafu wakusanyaji wa sahani wa Marekani wakavumbua hazina, lebo ya Now-Again ikazitoa upya, na mzee Jagari akarudi jukwaani. Witch walitoa Zango mwaka 2023.

Na msisahau Watanzania wenyewe. Sunburst wa Dar walitoa Ave Africa 1976, huko huko Zambia. Lebo ya Strut ya Uingereza waliikusanya na rekodi zao nyingine wakaitoa 2016. Imebidi tuuziwe na Mwingereza.

Kijana wa Kihesa

Mzee shikamoo. Nondo nzito hizo. Ila Zamrock ni metali kweli? Naona ni roki yenye mkwaruzo tu.

Mzee wa Tazara

Marahaba. Sijui rafu zenu. Najua tu kwamba ukimpigia Paul Ngozi mtu anayependa Black Sabbath, hataondoka chumbani.

Fundi wa Mafinga

Black Sabbath umenigusa penyewe, mzee wangu. Mimi nafanya kazi kiwanda cha mbao, na kila kijana mpya anayeshika msumeno namsimulia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wao.

Alikuwa na miaka 17 hivi, Birmingham, siku ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ndivyo vidole vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, juu akabandika ngozi ya koti kuukuu ili visiteleze. Akafunga nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza kabisa ili zisimuumize. Nyuzi zikishalegea, sauti inashuka, inakuwa nzito. Dunia nzima ikaiga uzito ule ikidhani ni mtindo. Ilikuwa ni mtu anatafuta namna ya kupiga bila maumivu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema metali haiwezi kufanyika huku kwa sababu hatuna vifaa, nashangaa. Bendi ya Konono N°1 ya Kongo walichukua likembe, kile chombo cha vibati kinachopigwa kwa vidole gumba, wakatengeneza maiki kwa sumaku za vipuri vya magari, wakapitisha kwenye spika kubwa mpaka zinakwaruza. Sikilizeni albamu yao, Congotronics ya 2004. Hakuna gitaa, na ni nzito.

Alto wa Kwaya, Uyole

Mimi napita tu. Huu muziki si ndio ule wa kuabudu shetani? Hilo jina lenyewe la albamu, Devil Is Fine, mnaliona ni sawa?

Mtoa mada, Iyunga

Dada, swali lako ni halali. Metali nyeusi ya Norway kweli ilikuja na ushetani wake, na makanisa yalichomwa miaka ya 1990, siwezi kuficha. Gagneux anachouliza ni kingine: ingekuwaje kama watumwa wa Marekani wangeukataa ule Ukristo waliopewa na bwana wao? Unaweza usipende swali, na hakuna atakayekulazimisha usikilize. Mimi mwenyewe Jumapili napiga besi kanisani.

Alto wa Kwaya, Uyole

Haya, nimeelewa, sijapenda. Ila mkitaka kuchanganya kitu cha kwetu, mbona hamtaji matarumbeta? Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, na matarumbeta ni jadi yao ya zamani hata kabla hawajafika Afrika. Nenda Tukuyu kwenye mazishi au Pasaka, tromboni zikipiga sauti za chini unasikia kifuani. Hilo gitaa lenu linalovuma na tromboni mbili zikifuatana noti kwa noti, si mtapata huo uzito mnaoutafuta?

Mtoa mada, Iyunga

Dada umekuja kupita tu umeacha bonge la wazo. Tromboni na gitaa lililolegezwa zinakutana kwenye sauti zile zile. Ndaga fijo.

Kijana wa Kihesa

Sasa tuje kwenye kupika wenyewe, maana mimi ndiyo kazi yangu, nina kistudio cha chumba kimoja. Wengi wanakwama kwenye mapigo, na hapo ndipo kupachika kunapoanzia.

Prodyuza anafungua programu, anaweka metronomu (kile kihesabu mapigo), nne kwa nne, anapiga gitaa lote, anapanga dramu za kompyuta. Mwisho kabisa ndio anamwita mpiga ngoma: "Mzee, tupigie kitu juu ya hii." Yule mzee anapiga kwa mwendo wake, ambao kila pigo unaweza kuligawa kwa mbili au kwa tatu na yeye anapita katikati. Haukai kwenye gridi, ile mistari ya mapigo sawasawa ya programu. Prodyuza anakata vipande, anavivuta vikae. Vikishakaa, ngoma imekufa. Ndipo anaishusha sauti, kwa sababu hata yeye anasikia haina maana tena.

Njia iliyo sahihi ni kugeuza foleni. Ngoma kwanza, bila metronomu, mzee apige anavyopiga, na mwitikiaji wake awepo ili asipige akiwa baridi. Halafu tempo ya programu ndiyo imfuate yeye, si yeye aifuate. Gitaa linakuja baadaye na linapanga mikato yake kwenye mapigo ya tatu-tatu ya ngoma. Dramu za metali zina kitu kinachosaidia sana hapa, zile pedali mbili za miguu. Ukizipiga tatu kwa kila pigo, badala ya mbili au nne kama kawaida, zinaingia ndani ya ngoma zetu kama zilitungwa pamoja. Juu yake toasi linahesabu nne polepole kwa ajili ya kichwa kinachotikiswa.

Hili la kuhesabu viwili kwa pamoja si geni hata kwa metali yenyewe. Meshuggah wa Umeå, Sweden, wamejenga jina lao hapo: toasi linashika nne, miguu na gitaa vinazunguka mzunguko mwingine kabisa, vinakuja kukutana mbali huko. Mzungu anaita ni hesabu ngumu. Bibi yangu akisikia atauliza mbona hawachezi.

Mdau wa Kiwira

Kihesa amemaliza. Mimi nina ugomvi na kipimo cha mtoa mada.

Kuna Mmarekani anaitwa Austin Lunn, bendi yake ni Panopticon, bendi yenyewe ni yeye. Mwaka 2012 alitoa Kentucky. Ndani kuna metali nyeusi, na kuna banjo na fidla za milimani kwao. Habari yote ni ya wachimba makaa ya mawe, migomo yao na milima iliyoparuliwa. Ameweka hata wimbo wa mgomo wa Florence Reece, uliotungwa Harlan 1931, pale polisi walipokuwa wakimsaka mumewe kwa sababu ya chama cha wafanyakazi. Kwenye albamu hii banjo na metali vinapokezana zaidi ya kupigana kwa pamoja. Kwa kipimo chako, ukitoa banjo, zile nyimbo za metali zinasimama. Kwa hiyo amepachika?

Mimi natoka kwenye makaa ya mawe, na nakuambia ukitoa zile nyimbo za mgomo, metali yake inabaki makelele ya hasira isiyo na anwani. Pima albamu, usipime wimbo.

Mtoa mada, Iyunga

Nimekusoma, na Kentucky naipenda. Lakini msimamo wangu uko pale pale: kupokezana ni kupanga nyimbo vizuri, ni kazi ya heshima, ila si kile ninachokitafuta. Ninachokitafuta ni pale usipoweza kuonyesha kwa kidole hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, wako karibu sana na hapo. Zã Keli ya 2019 waliitoa wenyewe, wanaimba Kiewe, na gitaa linafuata kengele na ngoma, haliziburuti. Ya pili, Dzikkuh ya 2024, imetoka kwa lebo. Sauti imekuwa safi zaidi. Mimi bado narudi kwenye ile ya kwanza.

Na Bloodywood wa New Delhi. Karan Katiyar aliacha kazi ya sheria kwenye makampuni, wakaanza kwa kutengeneza video za utani YouTube, wakaishia kutoa Rakshak 2022 bila lebo. Dhol yao, ile ngoma ya Kihindi, inapita kipimo moja kwa moja kwa sababu ndiyo inayobeba mwendo, gitaa limeandikwa juu yake. Sasa hivi nao wameshasaini na lebo.

Nirudi kwa Duma kama nilivyoahidi. Hawana mpiga dramu. Mapigo yote ni ya mashine, kasi ya kutisha, Khanja anapiga kelele juu yake kama mtu anayetapika misumari. Wapenzi wa bendi ya Napalm Death watasema ni metali ya kasi ya Uingereza ya miaka ya 1980. Lakini angalieni ni lebo gani: ni ile ile iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, yaani singeli yetu ya uswahilini Dar. Kasi ya singeli na kasi ya metali ya namna hii ni ndugu. Mtoto wa Mwanjelwa aliyezoea singeli kwenye bajaji hatapata shida na Duma, atashangaa tu mbona mwimbaji amekasirika. Khanja baadaye akajiita Lord Spikeheart, akaanzisha lebo yake, Haekalu, akatoa The Adept 2024. Hiyo ndiyo njia ninayotaka vijana wa huku waione.

Kijana wa Kihesa

Ila mashine za Duma si zinapingana na nilichosema mimi kuhusu gridi?

Mtoa mada, Iyunga

Hazipingani. Wao wameitungia gridi muziki wa gridi. Kosa ni kumkamata mzee wa ngoma ukamfungia humo.

Mwalimu wa Mbamba Bay

Mimi niko nje kidogo ya mikoa yenu lakini ziwa ni moja. Nimesoma mkwaruzo, mkwaruzo, mkwaruzo, kama vile umekuja na umeme. Mnaijua ngoma ya mganda? Yale malipenga ya vibuyu tunayopuliza? Kibuyu kinatobolewa tundu pembeni, tundu linazibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe wanaoutagia mayai. Ukiimba ndani ya kibuyu, utando unatetemeka na sauti inatoka imekwaruzika. Vibuyu vikubwa vinatoa besi, vidogo vinajibu. Utando ukilegea au ukilowa, lipenga linapoteza ukali na mwenye nalo anatafuta buibui mwingine kabla ya mashindano. Hiyo ndiyo pedali yenu, bila betri.

Mganda wenyewe ulizaliwa kwa mchanganyiko. Wazee waliona bendi za jeshi za wakoloni, gwaride, matarumbeta, wakageuza kwa vibuyu na ngoma. Kaptula nyeupe na soksi ndefu mnazoziona hazikutoka kwa mababu wa kale.

Fundi wa Mafinga

Mwalimu umetisha. Nami niseme nililojaribu. Kuna mzee upande wa Kalenga ana ligombo, lile la Wahehe, ubao uliochongwa kama hori na uzi mmoja unaozungushwa kwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Maiki ya kawaida inaokota kila kitu: kuku, pikipiki, mzee anavyohema. Nilichukua kile kisahani cha shaba kilichomo kwenye saa za kuamsha na midoli ya kulia, nikakichomelea waya, nikakibandika kwenye ubao kwa utepe karibu na nyuzi zinapokalia. Ukikibandika kwenye kibuyu kinanguruma hovyo, ukikiweka kwenye ubao unapata kila kidole.

Nikapitisha kwenye pedali ya gitaa. Mzee alipiga mara moja, akasimama, akacheka, akaniambia niongeze.

Kuna Mmarekani anajiita Botanist alishafanya jambo la jamii hii, metali nyeusi isiyo na gitaa hata moja, ni dramu na chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti. Albamu yake ya kwanza ni ya 2011. Kwa hiyo msiniambie ligombo haliwezi kubeba wimbo.

Alto wa Kwaya, Uyole

Na huyo mzee analipwaje? Maana nimeona mengi, wazee wanarekodiwa, wanapewa soda na nauli, wimbo unakwenda Ulaya.

Mtoa mada, Iyunga

Swali la msingi. Bandcamp wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, inayobaki ukitoa makato ya malipo ni yenu. Kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwamba lebo imekula. Mpiga ligombo awe mtunzi mwenza, jina lake liwe mbele, si kwenye shukrani za mwisho. Na iandikwe kabla ya kurekodi, shahidi awepo, kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yote. Mkianza kugawana wimbo ukishapendwa mtagombana.

Mzee wa Tazara

Mwandikeni kwa lugha anayoisoma. Na kama hasomi, mwanawe awepo.

Kijana wa Kihesa

Fundi, huyo mzee anakubali kuja Kihesa au mimi nibebe kompyuta niende Kalenga? Naona kwake ni bora, akiwa studio atapiga baridi.

Fundi wa Mafinga

Njoo kwake. Umeme upo ila unakatika jioni, kwa hiyo betri ya kompyuta iwe imejaa. Na usije na metronomu.

Alto wa Kwaya, Uyole

Nina kaka anapiga tromboni Tukuyu. Nimemtumia uzi huu. Anauliza gitaa lenu limelegezwa mpaka noti gani, maana tromboni yake imeanzia si bemoli.

Mtoa mada, Iyunga

Mwambie tunashusha mpaka si bemoli, tutakutana hapo hapo kwake. Nyuzi nene za kuhimili hiyo sijazipata Mwanjelwa. Kuna anayejua duka Iringa au Makambako?